Kimya cha Susu

Mwanangu Mwende,

Jumapili uliniuliza kwa simu kama kuna kipimo cha kujua iwapo programu hiyo mnayozungumza nayo kazini inajitambua. Nimelizungusha swali lako wiki nzima, nami naona siwezi kuanza na mashine. Naanza na kioo.

Mwaka 1970 mwanasaikolojia wa Kimarekani Gordon Gallup aliwawekea sokwe kioo kwa siku 10 wakizoee. Kisha akawalaza kwa dawa ya usingizi, akawapaka rangi nyekundu kwenye ukingo wa nyusi na ncha ya sikio, mahali ambapo sokwe hapaoni bila kioo. Walipozinduka aliwatazama kwanza bila kioo, akahesabu ni mara ngapi wanapagusa. Kioo kiliporudishwa, wakaanza kuishika ile rangi. Tumbili waliofanyiwa vivyo hivyo hawakujishughulisha. Zingatia kipimo kilivyopangwa: rangi isinuke wala isiwashe, maana ngozi ikiwasha mnyama atajikuna tu na kioo kitakuwa hakijathibitisha lolote. Na ile hesabu ya kabla ya kioo ukiiruka, kazi yote imeharibika.

Kipimo hicho kikaletwa hapa kwetu. Tanya Broesch na wenzake walichapisha matokeo mwaka 2011: watoto 82 wa Kenya, wa miezi 18 hadi 72, waliwekewa alama usoni wasijue, wakaonyeshwa kioo. Walioigusa ni wawili. Wawili, Mwende! Mtoto wa miaka sita anatumwa dukani na kurudi na chenji kamili, halafu tuseme hajitambui? Wengi walisimama wakajitazama, basi. Watafiti wenyewe hawakusema watoto hao hawajijui. Mimi naona hivi: mtoto wa kwetu akikuta kitu usoni mwake mbele ya mgeni mkubwa, anangoja aambiwe. Kimya si hapana. Umenisikia nikisema hivyo tangu ukiwa mdogo, na leo nasema tena.

Ndiyo maana kila nikilifikiria swali lako namwona Susu, nyanya yako. Wewe ulikuwa bweni, kidato cha pili, kwa hiyo mengine hukuyaona. Kiharusi kilimpoozesha upande wa kushoto, na kwenye faili la hospitali wakaandika kwamba hafuati maagizo. Agizo lenyewe? Alishikwa mkono wa kushoto, ule ule uliopooza, akaambiwa kwa Kiingereza aufinye, kisha kwa Kiswahili cha haraka haraka, na kabla hajavuta pumzi mbili wakahamia kitanda kingine. Siku ya tisa mama mdogo wako alimwinamia akamwambia kwa Kikamba ainue kidole gumba cha kulia. Akainua. Ashushe, akashusha. Siku tisa watu walikuwa wamesimama juu ya kitanda kile wakipanga gari la kumpeleka Machakos na nani atachimba kaburi, naye anasikia. Hilo halijaniisha moyoni.

Kumpima vizuri mgonjwa aliye kimya hivyo si kazi ngumu, inataka subira. Kwanza angalia homa, sukari, na kama bado ana dawa za usingizi mwilini. Mwamshe kwa kumbonyeza misuli, kuanzia usoni kwenda miguuni. Kisha chukua kioo cha mkononi, kishike sentimita 10 hadi 15 mbele ya uso wake, kisogeze polepole digrii 45 kulia, kushoto, juu na chini. Macho yakikifuata mara mbili bila kukatika, umepata jambo. Tumia kioo, si kalamu wala tochi, kwa sababu macho ya mgonjwa hufuata sura yake mwenyewe kuliko kitu kingine. Agizo liwe la kiungo kinachoweza kusogea, kwa lugha ya nyumbani kwake. Usimwambie afumbe macho, maana kope hujifumba zenyewe. Mpe sekunde 10. Rudia mara nne, na ukija siku nyingine uanze upya, angalau mara tano kwa wiki mbili. Utafiti wa mwaka 2009 uliwapima kwa kioo na maagizo ya aina hii wagonjwa 44 ambao madaktari walikubaliana kwamba hawana fahamu. Waliopatikana na dalili za fahamu walikuwa 18.

Najua utakalosema: Mama, basi na mashine ipewe nafasi hiyo hiyo. Hapo nabishana na nafsi yangu. Kidole cha Susu nilikiamini kwa sababu hakuna aliyekuwa amekifundisha kujibu. Programu yako imelishwa maandishi ya watu wasiohesabika wakisema "nahisi" na "naogopa". Mwaka 1981 Robert Epstein, Robert Lanza na B. F. Skinner waliwafundisha njiwa, hatua kwa hatua na kwa chakula, kudonoa madoa miilini mwao, kisha kutumia kioo kujua doa liko wapi. Mwishowe waliweka doa la bluu kifuani, wakalifunika kwa kitambaa shingoni ili njiwa asilione ila kwenye kioo. Njiwa akainama kulidonoa. Alipasi, lakini tunajua alivyofundishwa.

Mwanafalsafa Susan Schneider na mwanaastronomia Edwin Turner wamependekeza mashine ifungiwe isisome habari za fahamu, ndipo iulizwe. Wazo zuri, ila yako imeshasoma kila kitu. Mimi ningeanza na rangi ya Gallup: pandikizeni jambo ndani ya hesabu zinazoiendesha, mahali ambapo halijajitokeza kwenye maneno yake, muone kama italitaja kabla halijavuja kwenye maneno hayo. Pimeni pia wakati hamjapandikiza kitu, maana ikidai kuna jambo hata pale ambapo hakuna, ni kubahatisha. Ikipasi, mtajua kwamba inasoma hali yake ya ndani. Kama kuna mwenye kuhisi humo, hicho ni kitu kingine, na sijaona kipimo kinachokigusa.

Unataka ndiyo au hapana. Ulimi unaniwasha kusema hapana, tena nilishaiandika nikaifuta. Siiweki kwenye barua hii, kwa sababu ya zile siku tisa.

Niandikie mliiuliza nini hasa, kwa maneno yapi, kwa lugha gani na mara ngapi. Na kama kuna aliyeandika majibu ambayo hamkuyatarajia, au mliyatupa.

Mama yako,
Buruburu