Tunaenda Crown ya Belfast, tukae wapi?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Mwezi ujao tunaenda Belfast washkaji wanne na kila mtu anatuambia tusiondoke bila kupiga bia pale Crown Liquor Saloon. Picha nimeziona, ni pazuri mno, ila naogopa tutakuta watu wamejaa, tupige picha mbili tuondoke. Halafu mmoja wetu hanywi pombe. Tufanyeje ili tupafaidi?
Msomaji, Leeds

JIBU: Salama ndugu yangu. Nendeni mchana, tena siku ya kazi, hilo ndo kubwa kuliko yote. Ijumaa usiku mtasimama mmebanana na hamtaona kitu, na pale pana mengi ya kuona. Mchana mwanga unapita kwenye vile vioo vya rangi unaangukia kaunta, vigae na nguzo zilizochongwa, mtu unajikuta umeshika glasi na hunywi.

Mkifika tu lango la Great Victoria Street, angalieni chini, kuna taji limetengenezwa kwa vipande vidogo vidogo vya vigae. Wenyeji wanasimulia kwamba Patrick Flanagan, mwenye baa enzi hizo za miaka ya 1880, hakuutaka utawala wa Uingereza ila mkewe aliupenda, mke akataka baa iitwe Crown, yaani Taji, alama ya utawala huo, mume akakubali kwa sharti taji likae sakafuni watu walikanyage. Sijui kama ndivyo ilivyokuwa, lakini naipenda hadithi hiyo maana kwa Belfast, mji uliogawanyika hivyo hivyo kuhusu Uingereza, inaeleza mambo mengi sana kwa mpigo. Na yale madoido ndani, inasemekana ni kazi ya mafundi wa Italia waliokuja kujenga makanisa, jioni wakawa wanafanya kazi hapo. Ukiangalia dari utaamini.

Sasa kukaa. Mkiingia tu tafuteni kibanda, msikae kwenye kaunta. Viko 10, vya mbao, kila kimoja na mlango wake, mkishafunga mko wenyewe wanne mnapiga stori bila kupigiana kelele. Humo ndani gusa vile vibao vya chuma ukutani, watu walikuwa wanawashia viberiti hapo, na kulikuwa na kengele za kumwita mhudumu. (Sigara ndani msijaribu, ni marufuku Ireland ya Kaskazini tangu 2007.) Kama vimejaa subirini, msikate tamaa mapema. Na tafadhali msikwaruze wala kuandika majina, jengo ni mali ya National Trust, shirika la kutunza majengo ya kale, tangu 1978 na limetunzwa kwa hela na jasho, hata taa za gesi bado zipo.

Kinywaji unaagiza mwenyewe kaunta. Ukiagiza Guinness mhudumu atajaza nusu na zaidi, ataiacha itulie ndo amalizie, usimharakishe wala usiichukue kabla hajakupa.

Huyo asiyekunywa aje bila wasiwasi, soda zipo na hakuna atakayemshangaa. Ila kule watu hununua kwa raundi, yaani kila mtu kwa zamu yake anawanunulia wote, kwa hiyo kubalianeni kabla hamjaingia kwamba yeye anajilipia chake, si haki anywe soda mbili halafu alipie painti (zile glasi kubwa za bia) za watu watatu.