Kabla ukumbi haujafungwa, shikeni karatasi

Nashona nguo za jukwaani hapa London. Wateja wangu wengi ni wasanii wa dragi, wale, wengi wao wanaume, wanaopanda jukwaani kwa mawigi, magauni na vipodozi vya kukoleza, pamoja na wachezaji wa beleski, ambao huvua vazi kidogo kidogo kwa madaha na vichekesho. Kumbi zao za kabaree, yaani maonyesho ya nyimbo, dansi na vichekesho, ni ndogo, nyingine ni baa tu yenye jukwaa pembeni, na zinakwisha. Watafiti wa chuo kikuu cha UCL walihesabu kumbi 125 za jamii ya LGBTQ, yaani wapenzi wa jinsia moja, waliobadili jinsia na wenzao, jijini hapa mwaka 2006. Kufikia 2016 zilibaki 53.

Nawaandikia ninyi mnaoupenda ukumbi wa namna hii, hasa wasanii mnaoubeba mabegani. Kwanza, msiifanye harambee kuwa ndiyo mpango wenu wa kuuokoa. Watu hujaa, paa linazibwa, kisha mwezi unaofuata bili ya umeme inaingia tena. Na aliyecheza bure usiku ule ndiye aliyelipa zaidi. Vazi moja la beleski hunichukua siku nyingi: zipu siweki, maana hudaka uzi na kukwama msanii akiwa mbele za watu. Natia kulabu na vifungo vya chuma vinavyoachia kwa mkono mmoja, halafu shanga, moja moja, kwa sindano. Mwenye vazi hilo akiombwa kujitolea kila mara, atatafuta kazi nyingine, na hapo mtakuwa mmeokoa kuta tu. Mlipeni, hata kama ni kidogo. Na wewe mtazamaji, ndoo ikipita tia noti. Sisi tuliokulia kwenye taarabu tunajua kumtunza msanii kwa noti. Huku nako ni vilevile.

Pili, lishughulikieni jengo mapema. Mfano ninaoutaja kila mahali ni Royal Vauxhall Tavern, baa ya karne ya 19 kusini mwa mto Thames. Mwaka 1987 polisi waliivamia wakiwa wamevaa glavu za mpira kwa hofu ya UKIMWI, na aliyekuwa akitumbuiza usiku huo ni msanii wa dragi Paul O'Grady kwa jina lake la jukwaani, Lily Savage. Baa iliendelea. Iliponunuliwa na kampuni ya uwekezaji mwaka 2014, wasanii na wateja wake hawakungoja tangazo la kubomoa. Waliandika historia ya mahali pale na kuipeleka serikalini, na Septemba 2015 jengo likawa la kwanza Uingereza kuhifadhiwa kisheria kwa sababu ya historia ya jamii ya LGBTQ. Ule usiku wa glavu, ambao wengine wangetaka usahaulike, ukawa sehemu ya ushahidi. Kwa hiyo tunzeni mabango, picha, tarehe na majina ya jukwaani. Msitupe kitu.

Ila hifadhi ya jengo hulinda zaidi matofali. Mwenye nyumba bado anaweza kupandisha kodi ya pango. Ndiyo maana nawahimiza walioko England waombe pia ukumbi uandikishwe kwenye halmashauri kuwa mali yenye thamani kwa jamii, chini ya sheria ya mwaka 2011. Hata kikundi kisichosajiliwa kinaweza kuomba, mradi kina wanachama wasiopungua 21 walio wapiga kura wa eneo hilo. Uandikishaji unadumu miaka 5, na mwenye jengo akitaka kuliuza, jamii inaweza kusimamisha mauzo kwa hadi miezi 6 ili itafute fedha. Mwenye jengo halazimiki kukubali bei yenu, lakini miezi 6 ni mingi kwa watu waliojipanga.

Wasanii, na ninyi wekeni hesabu zenu. Kumbi zilipofungwa Machi 2020 kwa korona, msaada wa serikali kwa waliojiajiri ulitegemea taarifa za kodi zilizokwisha kuwasilishwa. Waliokuwa na karatasi walipata kitu. Waliokuwa wakilipwa mkononi bila kuandika, hata wale wenye vipaji vikubwa, walibaki kuuza mawigi yao, na mengine nilisaidia kuyatafutia wanunuzi. Iliniuma sana.

Wiki hii muulizeni meneja mkataba wa pango unaisha lini. Kama umebakiza mwaka mmoja au miwili, ombeni kukaa na mwenye nyumba sasa, mkiwa na hesabu za mlangoni za kila usiku mkononi.