Gari la taka linachanganya vyote, nitenge ya nini?

SWALI: Naishi Tabata, Dar es Salaam. Natenga chupa za plastiki, lakini gari la taka linazichanganya na uchafu mwingine. Kuna faida?

JIBU: Ukiusubiri mzigo huo ufike dampo la Pugu Kinyamwezi, faida ni ndogo. Waokotaji wa huko huokoa baadhi ya chupa, ila zikishalowa mchuzi na mchanga bei hushuka. Usiweke chupa zako kwenye gari. Mpe muokotaji wa mtaani au ziuze kwa kilo kwa mnunuzi wa chupa.

Tazama alama chini ya chupa: namba 1 ndiyo ya maji na soda. Fungua kifuniko na ukiweke mfuko wake, kisha suuza chupa, kamua maji yote na uiponde. Kifuniko ni plastiki nyingine: kwenye maji huelea, chupa huzama. Chupa iliyotiwa mafuta ya injini usiichanganye, itaharibu gunia zima.

Maganda na mabaki ya mboga, ambayo ndiyo mzigo mkubwa, yafanye mboji: ndoo 1 kwa ndoo 2 za majani makavu, ukigeuza kila wiki. Ikinuka, imelowa mno, ongeza makavu.