Re: Kwa nini Fetisov anasifiwa hivyo wakati NHL alifunga mabao 36 tu?

Ndugu, umeuliza Fetisov, yule Mrusi wa hoki ya barafuni, ana ukubwa gani ikiwa katika mechi 546 za NHL, ligi kuu ya hoki ya Amerika Kaskazini, alifunga mabao 36 tu. Kwanza, alikuwa beki. Pili, alifika New Jersey, timu yake ya kwanza NHL, mwaka 1989 akiwa na miaka 31, miaka yake bora ameshaiacha Moscow.

Huko alichezea CSKA, timu ya jeshi. Wachezaji walikuwa wanajeshi, na kocha Tikhonov aliwaweka kambini karibu mwaka mzima, mbali na familia zao. Akiwa na Umoja wa Kisovieti alitwaa dhahabu ya Olimpiki 1984 na 1988. New Jersey walikuwa wamepata haki ya kumsajili tangu 1983, lakini wakubwa wa Kisovieti hawakumwachia. Alipodai hadharani aruhusiwe kuondoka, alifungiwa hata mazoezi. Hapo ndipo mimi ninapomheshimu zaidi: hakutoroka usiku, alisimama palepale akidai haki yake hadi akaachiwa.

Baadaye akahamia Detroit, timu nyingine ya NHL, akawa mmoja wa Warusi watano wa timu hiyo pamoja na Larionov, Fedorov, Kozlov na Konstantinov. Juni 1997 walichukua Kombe la Stanley, yaani ubingwa wa NHL. Siku sita baadaye gari walilokodi likagonga mti; Fetisov akapona, Konstantinov akaumia ubongo, hakucheza tena. Mwaka 1998 walilitwaa tena, na Konstantinov akaletwa uwanjani kwenye kiti cha magurudumu, kombe likawekwa mapajani mwake. Itafute video hiyo, tafadhali.