Mbwa naye hupata mshipa?

SWALI: Msomaji wa Kasarani, Nairobi, anaandika: "Daktari wa mifugo alimpiga mbwa wetu eksirei akasema minyoo wamevimbisha mshipa wake mkuu. Shemeji yangu wa Mombasa aliposikia akashangaa: kumbe mbwa naye hupata mshipa? Nani amekosea?"

JIBU: Hakuna aliyekosea, dadangu. Neno lenyewe limebebeshwa mengi. Kuna mishipa ya damu na mishipa ya fahamu. Mbishi tunasema amesimamisha mishipa ya shingo. Na Pwani ukisema mtu "ana mshipa", wengi huelewa ngiri au busha. Daktari alitaja kiungo, shemeji akasikia ugonjwa.

Mimi ningependa daktari aseme aota. Vitabu vya baiolojia vimetupa ateri, inayotoa damu moyoni, na vena, inayoirudisha. Aota ndiyo ateri kubwa kuliko zote. Kwa mnyoo anayeshambulia aota ya mbwa, aitwaye Spirocerca lupi, tofauti hiyo ni muhimu mno. Mbwa humpata kwa kula mbawakawa wa mavi, au mnyama aliyemla mbawakawa huyo, kama kuku au mjusi. Lava, yaani mnyoo mchanga, hutoboa ukuta wa tumbo, hufuata ateri hadi kwenye aota kifuani, hukaa ukutani mwake miezi 3 hivi, kisha huhamia kwenye umio, njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni. Ukisema "mshipa" tu, njia hiyo yote haionekani.

Na kuvimba? Hapo nina neno bora: kutuna. Ukuta wa aota uliodhoofishwa na minyoo husukumwa na damu ukatokeza nje, kama tyubu ya baiskeli inavyochungulia palipochanika tairi. Kwenye eksirei, ukingo wa kivuli cha aota, ambao kwa kawaida umenyooka, huonekana umetokeza. Na chini ya pingili za mgongo wa kifua mara nyingi huwa pameota vichomozo vya mfupa. Picha ya CT huonyesha hata mtuno mdogo ambao eksirei ya kawaida huukosa.

Nimefurahi pia kuona umeandika "minyoo wamevimbisha", si "imevimbisha". Neno "mnyoo" lina umbo la "mti" na "mkate", lakini mnyoo ana uhai, kwa hiyo hufuata ngeli ya a-wa.

Ukirudi kliniki, uliza hivi: "Ni aota tu iliyotuna, au umio nao una vinundu?" Jibu lake lisikilize kwa makini, maana vinundu hivyo huweza kugeuka saratani.