Kura ni siri, sahihi ni ya hadharani

Mhariri, swali lenu la juma hili linauliza: foleni za wananchi kutia sahihi kwenye kampeni za kisiasa zinaunganisha au zinazidi kugawa nchi ambayo siasa zimekwisha kuigawa? Jibu langu ni kwamba zinaigawa, na zitaendelea kuigawa mradi sahihi ya Mkenya ni kitu anachokitoa mbele ya majirani na asikione tena. Wala sisemi foleni hizo zipigwe marufuku. Nasema hatujui kuziendesha.

Mimi ni wakala wa M-Pesa Kaptembwo, hapa Nakuru. Kwa miaka mingi nimekuwa na daftari kwenye kaunta ambalo mteja huandika jina, nambari ya simu, nambari ya kitambulisho, kisha anatia sahihi. Kwa hiyo sahihi za watu nazifahamu. Najua mama anayechora herufi moja tu na mkia wake, najua kijana ambaye sahihi yake ya asubuhi haifanani na ya jioni. Na najua pia jambo ambalo wanasiasa hawapendi kulisikia: mtu akiwa na daftari kama langu na kalamu nne za rangi tofauti, anaweza kukaa chini ya mwembe na kukuletea foleni nzima ya wananchi kabla ya jua kuzama. Kuna kampeni moja, sitaitaja, ambayo kijana wake aliniomba nimwazime daftari hilo "kwa usiku mmoja tu". Nilimwambia anunue soda aende zake.

Sasa turudi Novemba 2020. Tangu handisheki, yaani mapatano ya Rais Uhuru Kenyatta na mpinzani wake Raila Odinga, tarehe 9 Machi 2018, chama cha Jubilee kilikuwa kimepasuka vipande viwili, Kieleweke upande wa Rais na Tangatanga upande wa naibu wake, William Ruto. Nakuru si mji wa kuchezea mambo hayo. Walioishi hapa Januari 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, wanajua jinsi jirani anavyoweza kuhesabiwa kabila kabla ya kuhesabiwa utu. Tarehe 25 Novemba ukusanyaji wa sahihi za BBI, mpango wa Uhuru na Raila wa kubadilisha Katiba, ukazinduliwa Nairobi, na baada ya siku chache meza zikafika hadi steji yetu. Fomu ilitaka jina, kitambulisho, mahali unapopigia kura, na sahihi.

Nilikuwa natazama kutoka dukani. Wengine walipanga foleni kwa moyo mmoja, kwa kuamini kwamba wadhifa wa waziri mkuu na fedha zaidi kwa kaunti vingemaliza vita vya kila baada ya miaka mitano. Sitawabeza. Lakini wengine waliangalia kwanza nani yuko kwenye foleni, ndipo wakaamua. Mzee mmoja, mteja wangu wa siku nyingi, aliombwa atie sahihi akakataa. Kijana wa fomu akamwuliza, "Mzee, kwani wewe ni Tangatanga?" Akajibu, "Mimi ni mpiga kura. Siku ya kura nitaingia kwenye kile kiboksi peke yangu, nikitoka hujui nimefanya nini. Hapa unaniambia nifanye mbele ya steji nzima." Hapo pana jibu zaidi ya nusu ya swali lenu. Kura tuliipigania iwe ya siri kwa sababu mwaka 1988 KANU, chama kilichotawala wakati huo, ilitupanga mlolongo nyuma ya wagombea, chifu akihesabu, na mlolongo mfupi ukatangazwa mshindi. Kisha tukaleta sahihi, na mlolongo ukarudi kwa mlango wa nyuma.

Mtu atasema: lakini Katiba ya 2010 yenyewe, kifungu cha 257, inataka sahihi milioni moja za wapiga kura ili wananchi waanzishe mabadiliko. Ni kweli, na ni kifungu kizuri. Kilikusudiwa wananchi wa kawaida ambao hawana wabunge wa kuwasikiliza. Tatizo ni wale waliokitumia na namna kilivyotumika.

Angalieni historia yake fupi. Okoa Kenya, kampeni ya kubadilisha Katiba ya muungano wa upinzani, CORD, ilizaliwa baada ya mkutano wa Saba Saba wa 2014 pale Uhuru Park, ikapeleka sahihi kama milioni 1.6, na Machi 2016 tume ya uchaguzi, IEBC, ikasema zilizo halali ni 891,598 tu. Mswada ukafia mlangoni. Upinzani ukalia kwamba umehujumiwa, serikali ikacheka, na mwananchi aliyetia sahihi hakuwahi kuambiwa kama yake ilikuwa miongoni mwa zilizokubaliwa au zilizotupwa. Punguza Mizigo, kampeni ya mwanasiasa Ekuru Aukot, ilivuka kizuizi hicho mwaka 2019. Ilitaka wabunge wapunguzwe kutoka 416 hadi 147, jambo ambalo hapa steji lilishangiliwa na pande zote mbili. Ikapelekwa kwa mabunge ya kaunti, ambako ilihitaji 24 kati ya 47, na wawakilishi wadi wakaizika. Ni nani angetarajia mwanasiasa apige kura ya kupunguza wanasiasa?

BBI ilikwenda kwa kasi nyingine kabisa. Tarehe 10 Desemba 2020, majuma mawili tu baada ya uzinduzi, makaratasi yakawa IEBC. Waandalizi walisema wana zaidi ya sahihi milioni nne. Tume, iliyokuwa imebaki na makamishna watatu kati ya saba, ilithibitisha zaidi ya milioni 1.1 na mswada ukaendelea. Lakini walithibitishaje? Tume haina hazina ya sahihi za wapiga kura za kulinganisha nazo. Iliangalia kama jina na kitambulisho vimo kwenye sajili, na kama mahali pa sahihi pameandikwa kitu. Basi. Mimi wakala nilikuwa natakiwa nimwangalie mteja usoni na kitambulisho chake mkononi kabla sijampa shilingi mia mbili. Katiba ya nchi nzima ilikuwa ibadilishwe kwa ukaguzi mwepesi kuliko wa kaunta yangu.

Zaidi ya mabunge 40 ya kaunti yakaupitisha mswada Februari 2021, wakati ule ule ombi la wawakilishi wadi la ruzuku ya gari ya shilingi milioni 2 likikubaliwa. (Mwaka 2019 hapakuwa na gari.) Kisha tarehe 13 Mei majaji watano wa Mahakama Kuu wakaubatilisha, Mahakama ya Rufaa ikawaunga mkono Agosti, na tarehe 31 Machi 2022 Mahakama ya Juu ikakubaliana nao katika lile lililokuwa kubwa kwangu: Rais hawezi kuvaa kofia ya mwananchi na kuanzisha mabadiliko kupitia kifungu cha 257. Wafuasi wa BBI walikuwa wamezoea kuimba kwamba hakuna wa kuzuia rege, na rege ikazimwa. Upande wa pili wa mji ulisherehekea kana kwamba umeshinda uchaguzi. Waliopanga foleni kwa nia njema ndio waliofanywa wajinga, na ndio wanaonisikitisha katika habari hii yote.

Upinzani nao haukujifunza. Tarehe 7 Julai 2023, Kamukunji, Raila alizindua ukusanyaji wa sahihi milioni 10 za kumwondoa Rais Ruto. Gharama ya maisha ilikuwa imetubana na hasira ilikuwa ya kweli, hata miongoni mwa waliompigia Ruto kura mtaani kwetu. Lakini Katiba inamwondoa Rais katikati ya muhula kupitia Bunge, vifungu vya 144 na 145. Hata zingekuja sahihi milioni 20, hakuna ofisi ya kuzipokea. Kumpangisha mtu foleni ukijua karatasi yake haina pa kwenda ni kumtumia tu ajitambulishe yuko upande gani.

Na kujitambulisha kuna bei. Venezuela, mwishoni mwa 2003, mamilioni walipanga foleni kutia sahihi kutaka kura ya kumwondoa Rais Hugo Chávez. Katiba yao inaruhusu hilo, asilimia 20 ya wapiga kura wakitaka. Mbunge mmoja wa upande wa serikali, Luis Tascón, akaweka orodha ya waliotia sahihi kwenye intaneti, kila mtu na nambari ya kitambulisho chake. Kura ilipigwa Agosti 2004 na Chávez akashinda kwa asilimia 59 hivi, lakini orodha haikuisha na kura. Watu walinyimwa kazi kwa ajili yake. Mwaka 2018 Mahakama ya Haki za Binadamu ya nchi za bara la Amerika iliamua kwamba Venezuela iliwakosea wanawake watatu walioachishwa kazi serikalini baada ya kutia sahihi. Miaka 14 kupata haki kwa sababu ya mstari mmoja wa wino.

Hata hivyo kuna jambo moja waliloliweza wale ambalo sisi hatujaliweza. Mei 2004, kabla ya kura, tume yao ilifungua vituo ambako aliyetiliwa shaka sahihi yake alikwenda kuithibitisha, na asiyeitaka tena akaiondoa. Zoezi lilikuwa na ubishi mwingi, na wapo waliolalamika kwamba walitishwa waondoe. Lakini mtu aliulizwa. Kwetu, IEBC iliweka orodha ya BBI kwenye tovuti Januari 2021 na kutuambia tujitafute, asiyehusika alalamike. Yaani jina langu lianikwe kwanza, ndipo niulizwe kama ni langu. Miezi mitano baadaye, Juni, Wakenya walipofungua mtandao wa Msajili wa Vyama vya Kisiasa wakajikuta ni wanachama wa vyama ambavyo hawajawahi kuvisikia. Nami nilikuwemo, katika chama ambacho mwenyekiti wake simfahamu kwa sura. Wengi walishuku madaftari ya mawakala na yale ya walinzi wa malango. Wateja wangu kadhaa walikuja kuniuliza mimi, na hawakuniuliza kwa upole.

Ninachotaka ni kidogo. Mtu akitia sahihi, apate ujumbe kwenye simu siku hiyo hiyo: umetia sahihi mswada fulani, ukikana jibu hapana, una siku 30. Benki hukutumia ujumbe hata ukitoa shilingi hamsini tu. Orodha ibaki kwa tume, isiende kwa chama wala tovutini. Na mwenye meza alazimishwe na sheria kubandika hapo mezani, kwa Kiswahili, kifungu cha Katiba kinachompa sahihi hiyo nguvu. Akikosa kifungu, afunge meza. Bunge limeshindwa kutunga sheria kamili ya kura ya maamuzi tangu 2010, na pande zote mbili zimewahi kuwa na wingi wa kuipitisha, kwa hiyo msiniambie ni kosa la wale wengine.