Jibu Analijua, Swali Ndilo Linalomshinda

Barua za wiki hii zinatoka sehemu mbalimbali, lakini zote zinamhusu mtoto wa aina moja: anayejibu vizuri kwa mdomo, kisha karatasi ya jaribio inarudi imejaa mikasi.

Mwalimu, binti yangu wa darasa la nne nikimuuliza nyumbani anajibu yote. Jaribio la sayansi kapata 14 kwa 50. Ni uzembe? (Mama, Morogoro)

Sidhani, mama. Chukua karatasi ileile, msomee maswali aliyokosa, ajibu kwa mdomo. Alama zikipanda sana, ujue sayansi anaiweza na kusoma ndiko kunakomkwamisha. Mpelekee mwalimu wake matokeo yote mawili. Ila mpime macho na masikio kwanza. Mimi nilimwita mtoto mvivu mwaka mzima, kumbe ubao hauoni. Najuta mpaka leo.

Nafundisha darasa la tano, wanafunzi 87. Nikimsomea mtoto maswali, si nitakuwa nambeba?

Inategemea unapima nini, mwalimu mwenzangu. Kwenye jaribio la kusoma, kumsomea ni kumjibia. Lakini kama unataka kujua iwapo anaelewa mmea unavyojitengenezea chakula, kumsomea swali hakumpi jibu. Kwa watoto 87 huwezi kukaa na mmoja mmoja, basi soma maswali yote kwa sauti mbele ya darasa, mara mbili, kabla hawajaanza kuandika. Anayejua kusoma hapungukiwi kitu.

Halafu tazama maswali yenyewe. Juzi nilikutana na hili: "Kipi kati ya vifuatavyo si miongoni mwa vyanzo vya nishati visivyoweza kurejeshwa?" Mtoto anayesoma silabi kwa silabi, vi-si-vyo-we-za, akifika mwisho ameshasahau mwanzo. Na bado ana kanusho mbili za kufumbua. Ungeuliza tu, "Chanzo kipi cha nishati hakiishi?" ukampa makaa ya mawe, petroli, jua na gesi asilia, ungepima sayansi ileile.

Jambo jingine ni ubao. Tunaandika maswali ubaoni kwa sababu karatasi ni ghali, naelewa. Lakini mtoto huyu muda wake unaishia kwenye kunakili. Mwandikie yake kwa mkono, herufi kubwa, nafasi ya kutosha kati ya mistari. Ni karatasi mbili tatu kwa darasa zima.

Muda wa nyongeza upo kwenye mitihani ya taifa? (Mzazi, Tanga)

Upo kwa watahiniwa wenye mahitaji maalumu: NECTA, yaani Baraza la Mitihani la Tanzania, huongeza dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati, na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine. Muulize mwalimu mkuu mapema, kabla ya usajili, kama hali ya mwanao inaingia humo.

Niko kidato cha kwanza. Maswali ya Kiingereza yananichanganya hata pale ninapojua jibu.

Pole, mwanangu. Maneno yanayokuamuru kutaja, kueleza au kulinganisha ni machache na yanajirudia kila mtihani. Yatafute kwenye mitihani ya nyuma, yaandike kwenye kidaftari na maana zake kwa Kiswahili. Ukiwa ndani ya chumba, pigia mstari neno la amri, zungushia idadi ya hoja zinazotakiwa, na uanze na maswali unayoyaweza.

Mjukuu wangu ana miaka tisa, bado b na d zinamchanganya. Baba yake anamchapa. (Babu, Kilosa)

Shikamoo, babu. Mwambie baba yake aache fimbo leo hii. Mtoto akiogopa, hata herufi alizozijua zinamtoroka. Huenda ana disleksia, yaani ugumu wa kusoma na kuandika, na haina maana kwamba hana akili. Kiswahili chetu huandikwa kinavyotamkwa, kwa hiyo wengi wa watoto hawa hatimaye husoma bila makosa mengi, ila polepole mno, na darasani hakuna anayegundua. Kata kipande cha boksi, akiweke chini ya mstari anaousoma, kishuke pamoja naye. Dakika kumi kila jioni, wewe sentensi moja, yeye moja.